Barua ya wazi: Kabla ya semina ya msongo, tengenezeni hendeli za vitanda

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi wa hospitali za mkoa

YAH: MIILI NA AKILI ZA WAGONJWA WALIOLAZWA, NA ZA WATUMISHI WANAOWAHUDUMIA

Waheshimiwa,

Kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuja mjini ni mwendo mfupi. Tunaomba siku moja mmoja wenu aje bila msafara, aingie wodi yoyote ya wagonjwa wasiojiweza, ainame upande wa miguuni wa kitanda na kutazama chini. Pale panatakiwa pawe na hendeli: moja ya kuinua kichwa, moja ya magoti na, kwenye vitanda vizuri kidogo, ya tatu ya kupandisha kitanda kizima. Mara nyingi atakuta tundu tupu.

Hendeli haipotei kwa wizi. Kuna pini ndogo inayoishika kwenye shafti. Pini ikikatika hendeli hudondoka, mhudumu wa usafi huiegesha ukutani, na baada ya wiki hakuna anayejua ilikuwa ya kitanda kipi. Au skrubu ya ndani hukaa miaka bila grisi, vumbi linaingia (na Dodoma vumbi halina likizo), nati inasagika, kichwa cha kitanda kinaanza kushuka chenyewe usiku. Ndugu wa mgonjwa hutafuta tofali huko nje, akaliviringisha kwenye kanga na kulisokomeza chini ya godoro.

Hapo ndipo mambo mengi tunayotaka kuwaeleza yanapoanzia. Chukueni mgonjwa wa kiharusi wa kilo 70 anayelishwa uji kwa mpira wa puani. Kichwa chake kinatakiwa kiwe juu kwa nyuzi 30 hivi wakati wa kulishwa na kwa muda baada ya hapo. Akilala bapa, uji hurudi na kuingia kwenye mapafu. Akiegemezwa kwenye tofali, mgongo unakunjika mahali pamoja na mwili unateleza kuelekea miguuni. Ngozi iliyo juu ya mfupa wa mkia imeng'ang'ania shuka, mfupa unateremka, na mishipa midogo ya damu iliyo kati yake inavutwa na kubanwa. Kidonda cha aina hiyo huanza kuoza ndani kabla hakijaonekana nje.

Muuguzi anakuja kumrudisha juu. Kwa kuwa kitanda hakipandi, anainama. Kwa kuwa yuko peke yake, anamshika kwapani na kuvuta. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, huchukulia kilo 16 kuwa kikomo cha uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba kwa usalama anapomhamisha mgonjwa, hata mazingira yakiwa mazuri. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 70 una kilo kama 11. Mvuto mmoja wa kwapani huumiza watu wawili kwa pamoja: diski za kiuno za muuguzi, na bega la mgonjwa upande uliopooza, ambalo misuli yake haina tena nguvu ya kulishikilia kwenye kiungo.

Wiki mbili baadaye kidonda kimefunguka na kinanuka. Ndugu analeta chakula huku amejiziba pua kwa mtandio. Mgonjwa hawezi kusema, lakini anaona, na anaanza kugeuza uso kijiko kinapokaribia. Muuguzi anayesafisha kidonda hicho anajua hatua kwa hatua kingezuiwaje, na anajua kilichokosekana ni pini. Kujua la kufanya na kuzuiwa kulifanya, siku baada ya siku, kunamchosha mtu kuliko wingi wa kazi. Ndiyo maana wengine huacha kutazama nyuso za wagonjwa, wakaanza kuwaita kwa namba za vitanda.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa kudumu mahali pa kazi usioshughulikiwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba huna tena unachokifanya kikafaa. Tafadhali someni tena maneno "mahali pa kazi". Mnatuletea semina ya msongo ya siku mbili hotelini, maji ya chupa, mazoezi ya kuvuta pumzi, na cheti. Hatuzikatai pumzi. Ila anayerudi kutoka semina hukikuta kitanda kilekile.

Kinachotakiwa kwa vitanda ni kidogo. Kila kitanda kipewe namba ya rangi kwenye chuma. Fundi wa vifaa tiba apite wodi moja kila wiki na kopo la grisi, pini za akiba, bolti na matairi, na akague breki. Palipo na fundi wa kuchomelea karibu, hendeli hutengenezwa kwa nondo. Godoro nalo lipimwe kwa kiganja: ingiza mkono kati ya chaga na godoro chini ya makalio ya mgonjwa. Ukihisi mfupa, sponji limekufa. Reksini iliyopasuka inanyonya mkojo, na hakuna dawa ya kusafishia itakayoufikia.

Kumvuta mgonjwa juu kunahitaji watu wawili na shuka iliyokunjwa mara mbili, ianzie mabegani iishie mapajani. Kila mmoja asimame upande wake, aikunje kingo ya shuka kuelekea mwilini mwa mgonjwa mpaka ngumi ziguse ubavu, apinde magoti, ahesabu, kisha ahamishe uzito wake kutoka mguu mmoja kwenda mwingine badala ya kuvuta kwa mikono. Fundi cherehani anaweza kushona mfuko mrefu wa nailoni laini, ulio wazi pande zote mbili, unaoteleza wenyewe kwa wenyewe chini ya mgonjwa. Huu hupunguza msuguano sana, ila utolewe mara mgonjwa akishakaa sawa, la sivyo atateleza nao.

Kugeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 kumo kwenye kila kitabu cha uuguzi. Kisichofundishwa vya kutosha ni namna ya kuiona dalili ya kwanza kwenye ngozi yetu. Picha za vitabuni huonyesha wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tumieni nyuma ya vidole: eneo lenye joto kuliko jirani yake, lililo gumu au linalobonyea kama embe lililoiva mno, lililokoza rangi, au linalouma. Tazameni visigino pia. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie hewani, usiwekwe chini ya kisigino chenyewe.

Sasa madirisha. Usiku wa Juni hadi Agosti hapa hushuka mpaka nyuzijoto 13 au 14, na upepo unavuma. Mgonjwa mwenye shuka moja hufunga dirisha, na huwezi kumlaumu. Katika chumba hichohicho kuna mtu aliyelazwa kwa "nimonia" ambaye makohozi yake bado hayajapimwa. Kifua kikuu husambaa kwa chembe ndogo zinazoelea hewani kwa saa nyingi, na muuguzi wa zamu ya usiku huzivuta kwa saa 12. Utafiti uliofanyika Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa yaliyo wazi zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vyenye mashine ya kusukuma hewa. Halafu sisi tunajenga wodi mpya za dari fupi na kuziwekea madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, ambayo kwa umbile lake hayawezi kufunguka zaidi ya nusu.

Tunaomba michoro ya wodi zijazo iwe na madirisha yanayofunguka yote, pande mbili zinazotazamana, na matundu ya hewa ya juu yasiyozibika. Kwa wodi zilizopo, washeni udi mmoja katikati ya chumba na mfuate moshi kwa macho. Sehemu kubwa ya mwaka upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo meza ya muuguzi na vitanda vya wasiokohoa viwe upande huo, na wanaokohoa wawe upande ambao hewa hutoka nje. Kama jengo limeelekezwa vingine, moshi wa udi utawaambia. Kisha nunueni mablanketi. Blanketi la pili kwa kila kitanda ni kinga ya kifua kikuu, maana ndilo linalomruhusu mgonjwa kuacha dirisha wazi. Wenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi wapimwe siku ya kulazwa, wasisubiri raundi ya Jumatatu.

Kuhusu ratiba ya zamu tutanukuu sheria, kwa sababu tukisema "tumechoka" tunaambiwa tuwe wazalendo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, isizidi siku 5 kwa wiki, saa 45 za kawaida na 10 za ziada. Usiku tano za saa 12 ni saa 60. Mtatuambia tutoe saa ya mapumziko kila usiku ibaki 55, na kwenye karatasi ni kweli. Muuguzi aliye peke yake na wagonjwa thelathini atamwachia nani wodi akale? Sheria hiyohiyo inataka saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya zamu na zamu, saa 24 mfululizo kila wiki, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wangapi kati yenu mmewahi kuiona hiyo asilimia 5 kwenye hati ya mshahara ya muuguzi?

Ratiba nzuri inajulikana. Zamu zizunguke kwenda mbele: asubuhi, jioni, usiku, kisha mapumziko. Usiku zisizidi tatu mfululizo. Jioni isifuatwe na asubuhi ya kesho yake, kwani anayetoka saa 3 usiku na kupanda bodaboda mpaka Nala au Veyula, pembezoni mwa jiji, hapati usingizi wa saa tano. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima uwezo wa watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakaukuta umeshuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Huyo ndiye anayekokotoa dozi ya mtoto wa kilo 6 saa kumi alfajiri. Ruhusuni usingizi wa dakika 20 hadi 30, kwa zamu, kwenye kiti kinacholaza mgongo. Leo muuguzi akikutwa amesinzia hupewa barua ya kujieleza. Tungependa anayeandika barua hiyo ajaribu kwanza usiku wa tano.

Wagonjwa nao hawalali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kelele za wodini usiku zisizidi desibeli 30, ambazo ni sawa na mnong'ono. Sisi tuna magurudumu makavu ya toroli, mlango wa chuma, simu zenye milio na taa zinazowaka zote kwa swichi moja. Grisi ileile ya vitanda ipelekwe kwenye toroli. Swichi zigawanywe ili meza ya muuguzi iwe na taa yake. Dawa na vipimo visivyo vya lazima visipangwe saa 8 usiku.

Anayeumizwa zaidi na hali hiyo ni mzee. Siku ya pili au ya tatu ya kulazwa anaanza kuchanganyikiwa jioni, anachomoa dripu, anamwita mtu aliyekwisha kufa. Ndugu wananong'ona kwamba amerogwa, na mtumishi anasema "huyu wa Mirembe". Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na tuna bahati iko hapahapa kwetu. Tusiigeuze kuwa tusi la wodini, wala tusimpeleke huko mtu ambaye kibofu chake kimejaa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, ni dalili ya mwili. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume kuanzia Jumapili, kwa Kigogo au Kirangi kama ndiyo lugha yake. Akishindwa, na juzi aliweza, anza kukagua: sukari, oksijeni, joto, malaria, mkojo uliozuilika, choo kilichokauka, maji mwilini, maumivu yasiyotibiwa, kisha dawa zake, hasa diazepamu na promethazini. Uliza pombe. Aliyekuwa akinywa kila siku, iwe wanzuki au komoni, anaweza kuchachamaa kati ya saa 48 na 72 baada ya kuacha. Huyo diazepamu ndiyo dawa yake, pamoja na thiamini (vitamini B1), na thiamini itangulie dripu ya glukosi ila kama sukari imeshuka, maana hapo glukosi haisubiri. Kumfunga mikono kwa bandeji kunamzidishia hofu na kumtia michubuko. Mrudishie miwani, fungua pazia asubuhi, mwachie binti yake akae karibu hata kama saa ya kuona wagonjwa imepita. Halafu wapo wanaochanganyikiwa kimyakimya, wamelala tu, hawasumbui mtu. Hao hufa wakisifiwa kwa utulivu.

Kuhusu kuchomwa sindano kwa ajali tutaeleza kwa ufupi kwa sababu miongozo ipo. Anayechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa VVU, bila dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, asiyechanjwa anaweza kufikia 30 kati ya 100. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, asimwagie jiki, atoe taarifa, aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 2 ikiwezekana na zisizidi 72, ameze siku 28. Tatizo ni kwamba dawa zimefungiwa kliniki inayofunga saa tisa na nusu mchana, na ajali hutokea saa tisa usiku. Wekeni bahasha ya vidonge vya siku 3 kwa msimamizi wa zamu, pamoja na vitendanishi na fomu ya ukurasa mmoja. Wekeni na mshauri wa kuongea naye, kwa sababu siku 28 za kichefuchefu na kumweleza mwenza wako kwa nini ghafla mnatumia kondomu ni mzigo wenyewe. Wanaoficha ajali huificha kwa kuogopa maswali hayo. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, mwanzo, mwezi wa 1 na wa 6, kisha damu ipimwe mwezi mmoja au miwili baadaye kuona kama kinga imeshika. Wahudumu wa usafi na wa kufulia mashuka wachanjwe kwanza. Wao ndio wanaokutana na sindano zilizosahauliwa ndani ya shuka, na kwenye orodha za chanjo majina yao huwa ya mwisho. Kisanduku cha sindano kikijaa robo tatu kifungwe.

Sonona inapimika kwa maswali mawili. Katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Akipata 3 au zaidi kwa jumla, endelea na dodoso lote la maswali tisa, PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Jumla ya 10 kwenda juu inahitaji mtu wa kuishughulikia. Ulizeni hivyo kwa waliovunjika nyonga, waliokatwa mguu kwa kisukari, na mama ambaye mtoto wake yuko chumba cha njiti. Swali la tisa, la kutamani kufa, likijibiwa lolote zaidi ya sifuri, msimruhusu mtu huyo kuondoka na amitriptilini, dawa ya sonona, za mwezi mzima. Apewe za siku 7, ashike ndugu. Dawa hiyo ikimezwa kwa wingi husimamisha moyo.

Na mtumishi naye? Mama akifia chumba cha kujifungulia, dakika kumi baadaye mkunga huyohuyo anapokea mtoto mwingine. Kisha anaitwa kwenye kikao cha kupitia kifo. Kikao hicho kiliwekwa kutafuta damu ilichelewa wapi na gari lilikwama wapi. Kikiendeshwa kama mahakama, faili zinazofuata zitaandikwa kwa ajili ya kumlinda mwandishi. Tunaomba mkunga huyo apokelewe na mwenzake siku hiyo hiyo, aulizwe tu anataka kumaliza zamu au kwenda nyumbani, na asilazimishwe kusimulia tukio lote mbele ya kundi. Kusimulia kwa kulazimishwa hakujaonekana kusaidia, na wengine huwazidishia. Aangaliwe tena baada ya wiki na baada ya mwezi.

Akihitaji tiba, asitibiwe mahali anapofanya kazi. Hakuna nesi atakayejaza dodoso la sonona litakalopita mikononi mwa karani anayekunywa naye chai. Dodoma ina hospitali za serikali na za dini, ina chuo kikuu, ina Mirembe. Wa hospitali moja atibiwe nyingine, kwa namba badala ya jina, siku ya mapumziko yake, na ruhusa ya ugonjwa isitaje ugonjwa.

Kwa hiyo tunachoomba kiingie kwenye mipango ya halmashauri kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1: grisi, pini, reksini na mablanketi yawe na kifungu chake kwenye bajeti, na fundi wa vifaa tiba apewe siku ya wodi. Bahasha za dawa za dharura na chanjo hazihitaji kusubiri bajeti. Ratiba ya zamu haihitaji hela ila watu, na palipo na uhaba wa watu, uhaba huo uandikwe kwenye ratiba yenyewe kwa namba, ili anayesaini aone anasaini nini. Semina ya mwaka huu iahirishwe.

Tumeorodhesha vitanda vya wodi tunazofanyia kazi, kwa namba, kilichoharibika na kipuri kinachohitajika. Tajeni ofisi ya kuikabidhi na siku.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, matabibu, mafundi na maafisa ustawi wa jamii
Dodoma